Methadoni kwa mjamzito, Dodoma: nyota nne kwa dirisha la dawa, mbili kwa wodi ya wazazi

Nawasindikiza wajawazito wanaotumia unga (heroini) kwenda kuanza methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga, hapa Dodoma, na soba hausi, zile nyumba za kuachia dawa za kulevya, nazijua pia. Mwenye mimba asianzie soba hausi. Nyingi humkatisha mtu ghafla, na arosto (mateso ya mwili ukikosa dawa uliyoizoea) ya mjamzito haiishii kwenye kuharisha na maumivu ya mgongo: mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa njiti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2014 unashauri apewe tiba mbadala, methadoni au buprenofini, aendelee nayo. Tanzania ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, Muhimbili, na kwenye kliniki za serikali hailipiwi.

Siku ya kwanza unapimwa mkojo na kuulizwa unatumia kete (vipakiti vya unga) ngapi, mara ya mwisho lini. Usitie chumvi hapo ili upewe dozi kubwa, maana methadoni ikizidi inazima pumzi. Dozi ya kuanzia kwa kawaida haivuki miligramu 30, kisha inapandishwa kidogokidogo kila baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo wiki ya kwanza arosto haiishi yote, na hapo ndipo wengi hurudi kijiweni wakisema wamepewa maji. Subira inahitajika, pamoja na kuacha kabisa vidonge vya usingizi na gongo. Mchanganyiko huo unaua.

Dozi inamiminwa kikombeni, unakunywa mbele ya mhudumu, unatiliwa maji usuuze kikombe na kuyanywa, halafu unasemeshwa maneno mawili matatu ili ionekane hukuibana mdomoni. Dakika chache umemaliza. Hapo sina ugomvi.

Mimba ikifika miezi ya mwisho, mwili huimaliza dawa haraka. Mama anaanza kutoka jasho na kupiga miayo jioni, na nyumbani wanamshuku amerudia unga. Mara nyingi ni dozi tu haitoshi. Aseme dirishani, inaweza kuongezwa au kugawanywa asubuhi na jioni. Akianzishwa dawa za TB aseme siku hiyohiyo, kwa sababu rifampisini huishusha methadoni mwilini.

Nyota zinapungua kwenye kujifungua, kwa kuwa taarifa za dirishani hazifiki wodini zenyewe. Omba karatasi yenye dozi kwa miligramu na tarehe ya dozi ya mwisho, iwekwe ndani ya kadi ya kliniki kuanzia wiki ya 34. Mkunga anatakiwa kujua mambo matatu. Methadoni ya kila siku haitulizi uchungu, kwa hiyo mama bado anahitaji dawa ya maumivu. Pentazosini, aina mojawapo ya dawa ya maumivu, asipewe, itamtupa kwenye arosto papo hapo. Na mtoto akizaliwa amelegea, asaidiwe kupumua kwa ambu (mfuko wa kusukumia hewa), si kwa naloksoni, dawa inayozima nguvu ya methadoni ghafla, maana inaweza kumletea degedege.

Kisha kuna ile haraka ya kuruhusiwa baada ya saa 24. Kataa kwa adabu. Arosto ya kichanga huweza kuchelewa siku mbili, tatu au zaidi: kilio chembamba kisichobembelezeka, kutetemeka, chafya mfululizo, kunyonya kwa pupa bila kushiba. Akae chini ya uangalizi angalau siku nne hadi saba. Wengine hutulia kwa chumba chenye mwanga hafifu, kubebwa kifuani na ziwa la mama. Wachache huhitaji morofini ya matone ya mdomoni. Bibi akisema maziwa yana sumu, mwelewesheni: mama aliyetulia kwenye methadoni ananyonyesha, hata mwenye VVU ilimradi anameza ARV zake vizuri.

Nyota ya mwisho naikata kwa sababu ya umbali. Dawa ni ya kila siku, na anayetoka Kondoa hawezi kupanda basi kilomita 160 kila asubuhi akiwa na mimba ya miezi minane. Ukikosa siku tatu mfululizo, usidai dozi yako ya zamani; mwili umeshaanza kuisahau, wataishusha kwanza. Kwa hiyo tafuta ndugu wa kukaa naye mjini kabla hujajiandikisha, na ubaki hapo mpaka mtoto awe ametulia.