Bolti ya Kumwagia Oili Imekula Nyuzi: Ununue Nini Kwanza, na Nini Mwisho

Fundi anapotangaza kwamba bolti ya kumwagia oili imekula nyuzi, yaani ile mistari ya msokoto inayoishikilia imeharibika, gari huwa tayari liko juu ya stendi, oili imekwisha kumwagwa, na kijana wa gereji ameshatumwa dukani. Katika hali hiyo mwenye gari hununua kilichopo karibu, nacho mara nyingi ni bolti nene inayojikatia nyuzi, ilhali kwa gari lake huenda hicho ndicho kilichostahili kufikiriwa karibu na mwisho. Mwongozo huu unapanga vifaa vinavyouzwa kwa tatizo hili kwa kigezo kimoja: si kama oili imeacha kudondoka jioni ile, bali kama tundu litaweza kufunguliwa na kufungwa tena kila oili inapobadilishwa, kwa muda wote gari litakapokuwa barabarani.

Kabla ya kutoa fedha, ni lazima ijulikane kilichoharibika ni bolti au ni tundu la sampu, yaani lile beseni la oili lililo chini ya injini. Bolti ifutwe vizuri na kutazamwa kwenye mwanga. Ikiwa kati ya nyuzi zake kuna utepe mwembamba wa metali nyeupe uliojizungusha, huo si uchafu. Ni nyuzi za sampu ya alumini zilizong'oka na kutoka pamoja na bolti. Ikiwa nyuzi za bolti yenyewe ndizo zilizolala au kukatika, inunuliwe bolti mpya ya kipimo kilekile pamoja na washa mpya (ile pete bapa inayokaa chini ya kichwa cha bolti kuzuia oili isivuje), kisha iingizwe kwa vidole bila spana. Ikifika mwisho bila kukwama wala kuchezacheza, na ikashika inapokazwa, kazi imekwisha kwa gharama ndogo kuliko zote, na hakuna sababu ya kusikiliza mapendekezo mengine.

Katika ununuzi huo mdogo ndipo makosa mengi huanzia. Toyota na Nissan nyingi ndogo hutumia bolti ya kipenyo cha milimita 12 yenye nafasi ya milimita 1.25 kati ya uzi na uzi, na Honda nyingi hutumia ya milimita 14 kwa 1.5. Tatizo ni kwamba bolti ya 12 kwa 1.5 nayo ipo, na kwenye kopo la bolti mchanganyiko, iwe ni Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, macho hayawezi kuzitofautisha kwa haraka. Njia ya uhakika ni kuzilaza bolti mbili, ya zamani na mpya, nyuzi kwa nyuzi, na kuzielekeza kwenye mwanga: zikiwa sawa zitalaliana bila kuacha upenyo, na zikitofautiana mwanga utapita. Bolti yenye nyuzi tofauti huingia mizunguko miwili au mitatu, kisha huanza kukaza, na fundi mwenye haraka huimalizia kwa nguvu.

Ikiwa tundu ndilo lililoharibika, mpangilio wa kununua hutegemea sampu imetengenezwa kwa metali gani. Sumaku ndogo inatosha kujibu swali hilo: ikinata, sampu ni ya bati la chuma, isiponata, ni alumini.

Kwa sampu ya alumini, nafasi ya kwanza ninaipa bushi ya nyuzi, yaani kipande kizima cha chuma chenye nyuzi ndani na nje, cha aina inayouzwa kwa jina la Time-Sert. Tundu la zamani hupanuliwa kwa kekee, hukatwa nyuzi mpya kubwa zaidi, kisha bushi hukazwa humo na kubaki daima, huku bolti ya kawaida ya gari ikirudi mahali pake. Ubora wake unatokana na jambo moja: kuanzia hapo bolti hujikaza kwenye chuma badala ya alumini laini, kwa hiyo tundu lililotengenezwa huwa imara kuliko lilivyotoka kiwandani. Seti kamili yenye kekee, tepu (kifaa cha kukatia nyuzi ndani ya tundu) na kifaa cha kuingizia ni ghali, na mtu mwenye gari moja hana haja ya kuinunua. Alipe fundi wa mashine mwenye seti hiyo. La kusisitiza ni usafi. Tepu ipakwe grisi ili chembe za alumini zinate humo, na baadaye ipitishwe oili kidogo ya bei nafuu kuosha mabaki kabla ya kujaza oili nzuri. Kuishusha sampu kabisa na kuiosha mezani ni bora zaidi, pale inaposhuka kirahisi.

Nafasi ya pili ni sampu nyingine, na kwa sampu ya bati hii inapanda kuwa ya kwanza, kwa sababu nyuzi za sampu ya bati ziko kwenye kipande kinene tu kilichochomelewa mahali pa bolti, na mara nyingi hakina nyama ya kutosha kubeba bushi. Kwa magari mengi ya Kijapani sampu ya mtumba hupatikana bila kutafutwa sana. Mnunuzi aende na bolti yake mfukoni, aijaribu kwa vidole papo hapo dukani, kisha aipindue sampu na kutazama mdomo wake: ukiwa umepinda, silikoni haitaziba. Sampu iliyobonyea chini ikataliwe hata kama haivuji, kwa kuwa chujio la pampu ya oili hukaa karibu sana na sakafu ya sampu, na bonde dogo linaweza kuibana njia ya oili na kuua injini. Gharama ya ufundi nayo iulizwe mapema, maana kuna magari ambayo sampu haitoki mpaka fremu ya mbele ishushwe, na hapo bei ya kazi huizidi bei ya kifaa.

Koili ya nyuzi, maarufu kwa jina la Helicoil, naiweka ya tatu. Ni waya wa chuma kisichoshika kutu uliosokotwa, unaoingizwa katika nyuzi mpya. Hushika vizuri, na seti yake ni nafuu kuliko ya bushi; lakini ni waya, si kipande kizima, na oili hupenda kufuata njia ya msokoto huo hadi nje washa isipokaa sawasawa. Kwa bolti isiyofunguliwa mara kwa mara ningeipandisha daraja.

Ya nne ni ile bolti nene inayojikatia nyuzi. Huja kubwa kuliko ya asili kwa nusu milimita au milimita nzima, na ncha yake ina mifereji ya kukatia. Udhaifu wake ni kwamba hakuna kinachoiongoza: ikianza kwa upande, itamaliza kwa upande, washa haitalala, na alumini inaweza hata kupasuka. Anayelazimika kununua kundi hili achague yenye bolti ndogo katikati, ambapo ile kubwa hufungwa mara moja na kuachwa, na oili humwagwa kupitia tundu la ile ndogo. Humwaga polepole, lakini haimegi sampu kila mara inapofunguliwa.

Kizibo cha mpira kinachotanuka kinapokazwa ni cha mwisho. Kinafaa kumfikisha mtu nyumbani au gereji, basi. Mpira ulio ndani ya oili ya moto, chini ya gari linalopita mashimo, hauaminiki kwa safari ndefu. Tepi ya mabomba na gundi ya chuma hazimo katika mpangilio huu hata kidogo, na kuchomelea bolti kwenye sampu ni kumfungia njia fundi wa kesho.

Katika chaguo lolote linaloirudisha bolti ya kawaida, washa mpya inunuliwe papo hapo, na ukazaji ufuate kitabu cha gari. Kwa Toyota nyingi ndogo ni karibu mita-Newton 40, ambazo kwa spana ya sentimita 20 ni sawa na kusukuma kwa uzito wa kilo 20 tu. Fundi anayechomeka bomba kwenye spana ili kuirefusha azuiwe kabla hajakaza.