Jumba la Makumbusho la Adivasi, Bhopal: Sanaa Inayosimuliwa na Wenyewe

Anayetaka kuielewa sanaa ya jamii za Adivasi, yaani wenyeji wa asili wa India, kabla ya kuinunua namshauri aanzie Bhopal, mji mkuu wa jimbo la Madhya Pradesh, katika jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2013 kwenye vilima vya Shyamla. Maonyesho yake yametengenezwa na mafundi wa jamii zenyewe, wakiwemo Gond, Bhil, Baiga na Korku, ambao walijenga nyumba, wakakandika kuta na kuchonga miti kama wafanyavyo kwao.

Ukuta unaostahili muda mrefu zaidi ni ule ambao Bhuri Bai, Mbhil kutoka Pitol wilayani Jhabua, amesimulia maisha yake mwenyewe kwa rangi. Alifika mjini akawa kibarua katika ujenzi wa Bharat Bhavan, kituo cha sanaa kilichofunguliwa mwaka 1982, na hapo mchoraji J. Swaminathan akamwomba achore kwenye karatasi yale yaliyochorwa kwenye kuta za nyumba za kijijini. Mwaka 2021 alitunukiwa Padma Shri, nishani ya taifa ya India. Nauthamini ukuta huu kuliko kitu kingine chochote humo, kwa kuwa mabadiliko ya sanaa ya Bhil yanasimuliwa na mtu aliyeyapitia mwenyewe, kwa nukta za rangi zilezile alizorithi, ambazo ni alama ya uchoraji wa Bhil.

Kwa upande wa Gond, yafaa mgeni ajue kwamba Wapardhan, kundi mojawapo la Gond, walikuwa waimbaji, waliotunzwa kwa kuimba nasaba za wafadhili wao na sifa za mungu wao mkuu, Bara Deo, huku wakipiga zeze liitwalo bana. Wafadhili walipopungua, Jangarh Singh Shyam wa Patangarh aliwageuza miungu wa nyimbo hizo kuwa michoro, na jamaa zake wakamfuata hadi mtindo huo ukaitwa kwa jina lake, Jangarh Kalam.

Lipo, hata hivyo, jambo ambalo hakuna jumba liwezalo kulitimiza. Farasi wa Pithora, michoro ya ukutani ya ibada miongoni mwa Bhil, huchorwa nyumbani kwa aliyeweka nadhiri, badwa, yaani kuhani, akiongoza ibada. Wakihamishiwa ukumbini, sura yao hubaki lakini kazi yao haipo tena. Siwalaumu waandaaji kwa hilo, ila ni vyema mgeni aingie akilijua.

Atakayenunua mchoro baadaye, popote pale, aulize kwanza jina la mchoraji na kijiji chake, kwa maana masokoni picha za mashine huuzwa kama kazi ya mkono, na muuzaji wa picha hizo mara nyingi hana jina la kutaja.