KoboToolbox kama fomu ya ridhaa ya mgonjwa, Lindi na Mtwara: inafaa, ila usikiamini kisanduku cha sahihi

Miradi mingi ya afya huku kusini imeshahamishia dodoso zake kwenye vishikwambi. Fomu ya ridhaa ndiyo iliyobaki nyuma: bado inasafiri kwenye bahasha ya kaki kutoka zahanati hadi kwa mganga mkuu wa wilaya, na ikifika huko imelowa au sahihi ya mgonjwa imekaa kwenye mstari wa shahidi. Kwa hiyo swali linakuja lenyewe: kama KoboToolbox tunayo tayari, kwa nini tusiipe na kazi hii?

Ipe. Lakini usiijenge fomu hii kwa kuburuta maswali kwenye ukurasa wake wa wavuti, na usichukulie mchoro wa kidole kwenye kioo kuwa ndiyo ridhaa. Tathmini hii inaangalia kambi za upasuaji wa mabusha, kwa sababu ndizo zinazoipima fomu ya ridhaa sawasawa. Wagonjwa wengi ni watu wazima na wazee, si wote wanaosoma, ugonjwa wenyewe mtu anauonea haya, mtandao unayumba ukishaacha lami, na kinachoombewa ruhusa ni kisu.

Kwa asiyeijua: KoboToolbox ni mfumo wa kukusanya taarifa kwa fomu za kielektroniki. Ilianzia Harvard Humanitarian Initiative nchini Marekani, na ina kifurushi cha bure chenye ukomo wa idadi ya fomu zinazotumwa kwa mwezi na nafasi ya kuhifadhi faili. Programu yake ya simu, KoboCollect, imejengwa juu ya ODK Collect, programu ya mfumo mwingine wa aina hiyo uitwao ODK, hivyo karibu kila kitu hapa kinamhusu pia anayetumia ODK. Inafanya kazi bila mtandao, inatunza fomu kwenye kifaa na kuzituma bando likipatikana. Kwa Liwale au Nanyumbu hilo peke yake linatosha kuipa nafasi ya kwanza.

Ujenzi wa fomu ufanyike kwenye Excel, kwa mfumo wa XLSForm, ambao kila swali ni mstari mmoja wa jedwali. Ukurasa wa wavuti wa Kobo ni mwepesi kwa dodoso la kawaida, ila ridhaa inataka masharti, sauti na matoleo ya lugha, na hayo yote ni rahisi kuyaona na kuyakagua yakiwa kwenye safu za jedwali. Weka toleo la fomu kwenye ukurasa wa settings, kisha liandike tena kwenye skrini ya kwanza ili mgonjwa na shahidi waone ni toleo gani wanalokubali. Kamati ya maadili huidhinisha toleo fulani la maandishi. Ukibadilisha sentensi moja ukasahau kubadilisha namba, hutaweza tena kuonyesha nani alikubali nini.

Mpangilio ndio moyo wa fomu. Maelezo yatangulie, yafuate maswali ya kupima kama ameelewa, kisha uamuzi, na jina lije baada ya uamuzi. Fomu nyingi huanza na jina, kijiji na namba ya simu, halafu mtu akikataa tayari umeshachukua taarifa zake. Jina liwekewe sharti kwenye safu ya relevant kwamba litokee tu jibu likiwa ndiyo. Aliyekataa naye ahesabiwe: fomu yake itumwe bila jina, ikiwa na tarehe na kituo tu.

Uamuzi usiwe tiki moja. Aina ya swali iitwayo acknowledge inavutia kwa sababu ni kisanduku kimoja cha kubonyeza, lakini haina mahali pa kuandika hapana. Tumia select_one, yaani swali la kuchagua jibu moja, yenye ndiyo na hapana, bila jibu lililowekwa mapema, na utenganishe mambo: kukubali upasuaji, kukubali kupigwa picha ya uvimbe, kukubali taarifa zitumike kwenye ripoti, kukubali kutembelewa nyumbani baadaye. Mzee anaweza kutaka kutibiwa na asitake kamera kabisa. Haki yake, na fomu iipe nafasi haki hiyo.

Maswali ya uelewa yakiwa matatu yanatosha. Mfano: "Ukikataa upasuaji huu, utanyimwa matibabu mengine hapa?" au "Ganzi itakulaza usingizi kabisa?" Hesabu majibu sahihi kwa swali la aina ya calculate, na sehemu ya sahihi ifunguke tu alama zikitimia tatu. Zisipotimia, mhudumu anarudi nyuma, anaeleza upya, anauliza tena. Hapa kuna mtego: mhudumu mwenye haraka atarudi nyuma na kurekebisha jibu mwenyewe. Ndiyo maana swali la aina ya audit lisikosekane, likiwa na parameta track-changes=true. Linaandika, kwenye faili la pembeni, muda uliotumika kwa kila skrini na jibu la zamani kabla ya kubadilishwa. Maelezo ambayo kuyasoma kwa sauti huchukua dakika nne yakipitwa kwa sekunde kumi na tano, msimamizi ataona jioni ile ile. Ukituuliza, hiki ndicho kitu kimoja ambacho karatasi haikuweza kamwe kutupa.

Lugha. Kiswahili cha fomu nyingi za ridhaa kimeandikwa kama hati ya mahakama: "mshiriki ataarifiwa kuhusu athari zinazoweza kujitokeza." Andika unavyosema na mgonjwa: "Mzee, utachomwa sindano ya ganzi, hutasikia maumivu wakati wa kupasuliwa. Baada ya hapo kidonda kinaweza kuvimba, damu ikavilia, au kikaingia wadudu kikatunga usaha. Busha nalo linaweza kurudi." Kisha rekodi sauti. Newala na Tandahimba utahitaji Kimakonde, Ruangwa na Nachingwea Kimwera, Masasi Kiyao na Kimakua. Safu ya media::audio inaunganisha kila maelezo na rekodi yake, na faili zenyewe unazipandisha kwenye mipangilio ya mradi, upande wa media. Jina la faili lilingane herufi kwa herufi, kubwa na ndogo. Lisipolingana, kitufe cha sauti hakitacheza kitu na mhudumu ataishia kutafsiri kichwani, kila mmoja kwa namna yake. Rekodi ya dakika tatu kwa kbps 64 ni kama MB 1.4, kwa hiyo bando si kisingizio. Rekodi ifanywe na mtu mzima wa jinsia ya mgonjwa, na ianze kwa shikamoo. Mzee wa miaka sabini hasalimiwi kwa "habari" na kishikwambi.

Sasa sahihi. KoboCollect ina swali la picha lenye mwonekano wa signature: unafungua ukurasa mweupe, mtu anachora kwa kidole. Kwa anayejua kuandika, sawa, hasa ukimpa kalamu ya kishikwambi yenye ncha ya mpira. Kasoro ni kwamba required, yaani sharti la kulazimisha jibu, kwenye swali hili hukagua tu kama kuna picha. Nukta moja inapita. Programu haina njia ya kujua kama kilichochorwa ni sahihi, kwa hiyo lazima mtu afungue picha hizo kwenye seva kila jioni na kuzitazama kwa macho.

Kwa asiyeandika, tatizo ni kubwa zaidi. Kioo kinahisi mguso, hakisomi mistari ya dole gumba. Alama inayobaki ni doa, na doa la mzee huyu halitofautiani na la yule. Ongeza na mikono ya wabangua korosho, ambao mafuta ya ganda huwaunguza ngozi hadi mistari ya vidole inafifia. Suluhisho lina harufu ya ukale lakini ndilo linalosimama: pedi ya wino, karatasi ya nusu ukurasa yenye namba ya fomu, dole gumba la mgonjwa na sahihi ya shahidi. Ipige picha ndani ya fomu kwa swali la image, lenye max-pixels=1600 ili faili lisiwe zito, kisha karatasi ibaki kwenye faili la kituo. Shahidi awe anayesoma, awepo tangu mwanzo wa maelezo, na asiwe mtumishi wa mradi. Mtendaji wa kijiji anapatikana kirahisi, na ndiye mtu mbaya kabisa kwa kazi hiyo. Nani atasema hapana mbele ya mtendaji?

Jambo jingine wasilolitarajia wengi: swali likifichwa na sharti, jibu lake halibaki kwenye fomu iliyokamilishwa. Mhudumu akirudi nyuma akabadilisha ndiyo kuwa hapana kwa bahati mbaya, kisha akakamilisha fomu, sahihi na jina havitakwenda nayo. Ingia kwenye sehemu ya ulinzi ya mipangilio ya KoboCollect, weka nenosiri la msimamizi, uzuie kuhariri fomu zilizokwisha kuhifadhiwa. Kurudi nyuma ndani ya fomu usikuzuie, maana maswali ya uelewa yanakuhitaji.

Saa nazo huleta ugomvi wakati wa ukaguzi. Muda wa kupokelewa kwenye seva ya Kobo umeandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, muda wa kuanza fomu umeandikwa kwa saa ya kishikwambi, na daftari la kituo limeandikwa kwa saa zetu. Mgonjwa mmoja, fomu ikitumwa papo hapo, atasomeka 06:00, 09:00 na saa tatu asubuhi. Andikeni kanuni moja kwenye mwongozo kabla mkaguzi hajaja. Na kishikwambi kilichozima kwa kuishiwa chaji kikiwaka na tarehe ya uongo, fomu itabeba uongo huo huo, hivyo tarehe ikaguliwe kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Upande wa sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Mradi unaokusanya taarifa hizi unatakiwa kusajiliwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake. Seva za umma za Kobo ziko nje: moja Marekani, nyingine Umoja wa Ulaya. Hilo liandikwe wazi kwenye maelezo ya mgonjwa, na lishughulikiwe na mwanasheria wa taasisi mapema, si wiki ya kuanza kambi. Ambao taasisi yao ina mtu wa seva anayeaminika wanaweza kuweka ODK Central, programu ya seva ya ODK, kwenye seva ya hapa nchini. Wasio na mtu huyo wasijaribu. Seva isiyosasishwa ni hatari kuliko seva ya mbali.

Kuna pia njia ya kufunga fomu kwa ufunguo wa umma, ikafunguliwa kwa ufunguo binafsi tu, ili hata anayeingia kwenye seva asione kitu. Inafanya kazi vizuri, lakini ukipoteza ufunguo binafsi umepoteza ridhaa zote. Nakala mbili, sehemu mbili, watu wawili.

Palipopungua kweli ni nakala ya mgonjwa. Kobo haitoi yenyewe PDF iliyofungwa ambayo ungeiita hati ya ridhaa. REDCap, mfumo wa kukusanya taarifa za utafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, inafanya hivyo kwa mpango wake wa ridhaa ya kielektroniki: mtu anaona hati nzima, anathibitisha, na PDF inahifadhiwa yenyewe kwenye hazina ya faili. Lakini mpango huo unaendeshwa kwa kurasa za wavuti, na programu yake ya simu ya nje ya mtandao haina kurasa hizo. Kwa utafiti unaofanyika ndani ya hospitali yenye intaneti ya uhakika, REDCap inashinda bila ubishi. Kwa kambi ya kijijini, haifiki.

Kwa hiyo chapisha maelezo ya mgonjwa kwenye karatasi, yenye namba ya toleo na namba ya simu ya kituo, kila mtu aondoke na yake. Usitume ujumbe wa simu badala yake. Simu nyingi nyumbani zinashikwa na zaidi ya mmoja, na si kila mwanamume angetaka mwanawe asome neno busha. Kwa huduma ya upimaji wa VVU tahadhari hiyo ni kubwa zaidi, na huko kumbuka umri umebadilika: tangu marekebisho ya sheria ya 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kuridhia kupimwa bila mzazi, hivyo sharti la umri lisinakiliwe kutoka fomu ya upasuaji, ambako chini ya miaka 18 mzazi au mlezi ndiye anayeridhia.

Tengeneza pia fomu ya pili, fupi, ya kujiondoa: namba ya fomu ya kwanza, tarehe, nini anachokiondoa, na nani amepokea. Bila hiyo, anayebadilisha mawazo anaandikwa kwenye kijikaratasi kinachopotea, na picha yake inaendelea kukaa kwenye ripoti.

Alama: saba kati ya kumi kwa kambi na huduma za mkoba, tano kwa hospitali ya rufaa. Kabla ya kambi, pangieni siku mbili za mafunzo, ya pili ikiwa ya mazoezi matupu na wagonjwa wa kuigiza wanaokataa. Kwa kila timu: vishikwambi viwili, pawabenki moja, pedi mbili za wino, kalamu mbili za kishikwambi, na fomu kumi za karatasi za toleo lile lile kwa siku ambayo vyote viwili vitazima.