Kobo Clara BW, Paperwhite ya 2021 au Kindle ya mtumba: ipi imfae msomaji wa Tanga?

Zote tatu ni mashine za kusomea vitabu vya kielektroniki: Kindle, pamoja na toleo lake la Paperwhite, ni za Amazon, na Kobo ni mshindani wake. Ukiuziwa Kindle ya 2019 pale Ngamiani kwa bei ya kutupa, kagua kioo kwanza. Kina nukta 167 kwa inchi. Paperwhite ya 2021 na Kobo Clara BW ya 2024 zina 300. Kwenye hiyo ya 2019 riwaya utaisoma bila taabu, lakini notisi za PDF zilizopangwa kwa karatasi ya A4 zitakuumiza macho. Hapo hakuna sasisho litakalosaidia.

Kivuli cha ukurasa uliopita kinachobaki kwenye kioo ni habari nyingine. Chembe za wino ndani ya kioo husukumwa kwa umeme, na programu ya ndani huamua lini kioo chote kisafishwe. Kindle ina swichi ya kusafisha kila ukurasa. Kobo inakuachia uchague idadi ya kurasa, au kila sura. Ukisafisha mara nyingi, betri italiwa zaidi kidogo.

Kobo ina injini mbili za kusomea, yaani programu za kufungulia vitabu, na wengi hawalijui hili. EPUB ya kawaida, aina ya faili inayotumika sana kwa vitabu vya kielektroniki, hufunguliwa na injini ya Adobe; faili inayoishia na .kepub.epub hufunguliwa na injini ya Kobo yenyewe, iliyo nyepesi zaidi. Mtu analaumu mashine kwa uzito, kumbe tatizo ni faili. Kigeuze kitabu kwa programu ya kepubify kwenye kompyuta, kisha ukihamishe kwa waya. Kindle haifungui EPUB iliyohamishwa kwa waya: igeuze kwa programu ya Calibre iwe AZW3, aina ya faili ya Kindle, au itume kwa Send to Kindle, huduma ya Amazon ya kutuma vitabu kwa intaneti, ukiwa na bando.

Neno kama "hawakushirikishwa" lisipokatwa mwishoni mwa mstari, huacha mapengo ya ajabu. Panga maandishi yaanzie kushoto tu, usinyooshe kingo zote mbili.

Betri ikishuka ghafla baada ya kupakia vitabu vingi, usikimbilie fundi. Mashine inatengeneza faharasa ya kutafutia maneno vitabuni, na faili moja bovu huifanya izunguke bila kumaliza. Lifute faili hilo.

Paperwhite huhimili maji baridi mita 2 kwa dakika 60, lakini ya bahari sentimita 25 kwa dakika 3 tu. Ikidondoka Raskazone, isuuze kwa maji ya bomba, ukaushe tundu la chaji kabisa ndipo uchomeke waya. Ile ya 2019 haina kinga hiyo.

Mwenye EPUB nyingi achukue Kobo. Anayeng'ang'ania mtumba amtake muuzaji aiondoe kwenye akaunti yake ya Amazon palepale, kabla pesa haijatoka mfukoni.