Vifaa vya kuwambia ngozi ya koyoti: fremu ya mbao, fremu ya waya na dawa ya chupa

Koyoti, yule mbwa wa porini wa Amerika Kaskazini, akishaanguka, kazi ngumu ndiyo kwanza inaanza. Huku Montana, Wyoming na Dakota Kaskazini za Marekani, na Saskatchewan ya Kanada, mwindaji ana njia chache: amchune na kuiuza ngozi ikiwa mbichi iliyogandishwa, aikwangue na kuiwamba mwenyewe ili aiuze kavu, au ailainishe abaki nayo ukutani. Tathmini hii inawahusu wanaochagua njia ya pili na ya tatu. Vilivyopimwa ni vifaa vinavyouzwa karibu kila duka la mitego la Amerika Kaskazini: kivua-mkia, gogo la kukwangulia pamoja na kisu cha mikono miwili, fremu za kuwambia za aina mbili, na dawa ya kulainisha ngozi inayouzwa kwenye chupa. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu kizuri, nunua fremu ya mbao. Sababu zake ni nyingi na ziko hapa chini.

Msomaji wa Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, huenda akashangaa kwamba mnyama wa porini anauzwa hivi. Huku koyoti ni wengi, na majimbo mengi ya Marekani hayana msimu wa kufunga uwindaji wake. Soko la ngozi yake lilibebwa kwa miaka mingi na makoti ya baridi yenye manyoya pembeni mwa kofia. Mwaka 2019 mnada mkubwa wa North American Fur Auctions uliingia kwenye kinga dhidi ya wadai, na Juni 2021 kampuni ya makoti ya Canada Goose ikatangaza kuachana na manyoya, mwisho wa kuyatumia ukiwa mwaka 2022. Mnada wa Fur Harvesters wa North Bay, Ontario, bado upo. Lakini mnunuzi wa leo anachagua. Anataka koyoti wa nyanda, mweupe kifuani, manyoya mazito, ngozi iliyokauka sawasawa bila doa. Ngozi yenye kasoro haipunguziwi bei kidogo. Inatupwa kwenye fungu la chini kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kutaja kifaa chochote, angalia kama mnyama mwenyewe anafaa. Manyoya hukomaa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Januari. Ngozi iliyokomaa, ukiitazama upande wa ndani, ni nyeupe kama maziwa. Ya mapema ina weusi au ubuluu mgongoni. Kuanzia Februari koyoti hujisugua, na nywele ndefu za kiunoni na mabegani zinakatika. Mwenye upele, aliyekatika manyoya mkiani na ubavuni, achana na ngozi yake. Upele huo unaletwa na vidudu vidogo mno ambavyo huuhama mzoga ukianza kupoa na kutafuta mwili wenye joto, na mwili wenye joto ulio karibu ni wako. Glavu za mpira zivaliwe kila mara, hata kwa koyoti anayeonekana mzima, maana kuna minyoo ya tegu ambayo mayai yake hukaa kwenye kinyesi na manyoya ya sehemu ya nyuma.

Mchune akiwa bado na joto. Ngozi inatoka karibu yenyewe, kwa kuvuta zaidi kuliko kukata. Akilala saa nyingi kwenye gari lenye joto, tumbo linakuwa la kijani na manyoya ya hapo yanang'oka kwa kidole. Hakuna kifaa wala dawa inayorudisha nyoya lililokwisha kulegea.

Kivua-mkia ni kitu kidogo cha kubana mfupa wa mkia wakati wa kuuvuta utoke. Cha plastiki kinatosha koyoti wachache, ila kwenye baridi kali kinapasuka. Cha aluminiamu chenye matundu ya ukubwa tofauti kinadumu. Mfupa ukishatoka, mkia upasuliwe upande wa chini hadi ncha. Wengi hupasua nusu kwa uvivu, na nusu iliyobaki inaoza ndani ya wiki. Chale yenyewe hupita nyuma ya mapaja, kisigino hadi kisigino chini ya mkundu, kisha ngozi inavuliwa kama soksi hadi puani. Masikio yakatwe karibu na fuvu, na kisu kiuguse mfupa kabisa unapozunguka macho na midomo.

Gogo la kukwangulia si lazima liwe gogo. Mengi ya kisasa ni ya plastiki ngumu, urefu kama mita moja na nusu, yenye mgongo wa mviringo na ncha nyembamba. Ya plastiki yanashinda ya mti kwa sababu moja kubwa: hayana mikwaruzo. Mkwaruzo mdogo tu kwenye mti huinua ngozi kidogo, kisu kinapita, na tundu linatokea. Ukiwa na gogo la mti, lipige msasa kila baada ya ngozi tano au sita. Urefu wa kusimama nao ni muhimu kuliko wauzaji wanavyosema. Ncha ya gogo ikae usawa wa kitovu, ili ubane ngozi kwa tumbo na mikono yote miwili iwe huru kusukuma kisu. Gogo la chini linaumiza kiuno kabla ngozi ya pili haijaisha.

Kisu cha mikono miwili cha sentimita 30 kina pande mbili. Upande butu ni wa kusukuma mafuta. Mkali ni wa kukata nyama nyekundu ya mabegani na mishipa mizito ya shingoni. Kasoro ya visu vingi vya bei nafuu ni kwamba upande butu huja na makali ya kiwandani. Uupige tupa mpaka uweze kuupitisha kwenye kiganja bila kukuna. Na hapa ndipo ngozi nyingi zinapoharibika: changanua manyoya kwa chanuo kwanza. Koyoti hubeba miiba ya magugu ndani ya manyoya. Mwiba mmoja ukiwa chini ya ngozi juu ya gogo unafanya uvimbe mdogo, na kisu kikiupitia kinakata duara safi kabisa ukubwa wa shilingi. Anza shingoni, nyuma ya masikio, ushuke kuelekea mkiani. Kwapani na tumboni ngozi ni nyembamba kama karatasi, hapo tumia upande butu peke yake. Koyoti hana mafuta mengi kama rakuni, mnyama mwingine mdogo wa manyoya wa huku, kwa hiyo fundi mzoefu humaliza ndani ya dakika 20. Mgeni ajipe saa moja na asione haya.

Damu ioshwe kwa maji baridi na sabuni ya vyombo. Maji ya moto yanaigandisha na kuacha rangi ya kutu kwenye manyoya meupe. Matundu ya risasi yashonwe sasa, ngozi ikiwa bado mbichi, kutoka upande wa ndani kwa uzi wenye nta. Tundu la duara usilivute likutane hivyo hivyo, litakunja ngozi. Likate kwanza liwe jicho refu linalofuata urefu wa mwili, ndipo kingo zitakutana zikiwa zimelala.

Tufike kwenye fremu. Ya mbao ina papi mbili zilizolainishwa, urefu kama mita 1.8, zimeungana puani kwa bawaba, na chini kuna kipande cha kupanulia kinachofungwa kwa nati. Upana wa chini kwa koyoti mkubwa ni kama sentimita 25. Ubora wake ni kwamba inaingia ikiwa imefungwa, kisha inapanuliwa ndani ya ngozi. Ngozi ikianza kukauka na kubana, legeza nati nusu sentimita, inatoka bila kuvutwa.

Hilo la kutoka ndilo linaloamua kila kitu, kwa sababu ngozi ya koyoti huwambwa mara mbili. Kwanza upande wa nyama unakaa nje ili ukauke, halafu inageuzwa manyoya yawe nje, maana ndivyo mnada unavyoitaka. Chumba kiwe nyuzi 15 hadi 18 za Selsiasi, feni ndogo ikipuliza pembeni. Mbali na jiko! Joto kali linayeyusha mafuta yaliyobaki, yanaingia ndani ya ngozi na kuiunguza, na kiwandani itakatika kama biskuti. Baada ya saa 12 hadi 24 ishike mgongoni. Ikiwa sawa inasikika kama karatasi ya mfuko wa saruji iliyopata unyevu: imekakamaa lakini inakunjika, haitoi mlio wa kuvunjika, na kidole hakinati tena. Masikio na kwapa bado ni laini, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Geuza hapo hapo. Ukichelewa hadi jioni ya pili, shingo inapasuka wakati wa kuigeuza. Ukiwahi, tumbo linafungiwa unyevu ndani na kuoza huku manyoya ya nje yakionekana mazuri. Ukichelewa kidogo, kitambaa chenye maji ya vuguvugu shingoni kwa nusu saa huokoa.

Baada ya kugeuza, acha siku tatu au nne zaidi. Miguu ya mbele ndiyo ya mwisho kukauka; karatasi ngumu iliyoviringishwa na kutiwa ndani ya kila mguu inaruhusu hewa kupita. Mkia ubandikwe wazi kwa pini ulipopasuliwa.

Ubaya wa fremu ya mbao upo. Kwenye fremu mpya bawaba ya puani mara nyingine ina skrubu iliyochomoza, nayo inachana pua; ipige msasa au uibandike utepe. Mbao laini isiyopakwa kitu hunyonya mafuta na kunuka mwaka wa pili. Ipake nta, usiipake rangi ya mafuta.

Fremu ya waya bei yake ni ya chini, mara nyingi chini ya nusu ya ile ya mbao, na kumi zinaning'inia mahali pa tatu. Kwa rakuni ni sawa kabisa. Kwa koyoti inachosha. Upana haurekebishiki vizuri, kwa hiyo jike mdogo analegea na dume kubwa linabanwa. Kulabu za chini zina meno yanayochana ngozi pembeni mwa mkia, mahali ambapo mpimaji wa mnada anaishia anapopima kutoka puani. Waya ukibabuka zinki huacha mistari ya kutu. Kubwa zaidi, wakati wa kugeuza huna namna ya kulegeza, unavuta kwa nguvu. Inafaa kwa anayekausha ngozi zenye kasoro za kutengenezea kofia zake mwenyewe.

Dawa ya chupa ni habari nyingine, na hapa kosa la kwanza ni kuchanganya njia. Ngozi ya mnada haitiwi chumvi hata kidogo. Ngozi ya kulainisha nyumbani lazima itiwe. Chupa ya kawaida ina mililita 237 na maelezo yake huahidi kazi ya hatua tatu: paka, kunja, nyoosha. Kwa tumbo na ubavu ahadi inatimia. Shingoni na mabegani, ambako ngozi ni nene, dawa haifiki katikati, na baada ya mwezi sehemu hizo ni ngumu kama ubao. Ongeza hatua ambazo chupa inaziruka: kilo mbili za chumvi laini kwa ngozi moja, saa 24, kung'uta, chumvi mpya, saa 24 tena. Irudishe kwenye maji yenye gramu 60 za chumvi kwa lita mpaka ilegee. Kisha maji ya asidi, gramu 22 za asidi ya sitriki na gramu 120 za chumvi kwa kila lita, siku tatu, ukiigeuza asubuhi na jioni. Itoe, punguza unene wa shingo kwa kisu, irudishe usiku mmoja. Itulize asidi kwa bikaboneti ya sodiamu, gramu saba na nusu kwa lita, dakika 20, suuza, ning'iniza ichuruzike.

Chupa ipashwe kwenye maji ya moto kabla ya kupaka, dawa ikiwa baridi inateleza juu. Paka kwa glavu, kunja nyama kwa nyama, iache usiku kucha. Kazi ya mikono huanza inapokauka: ukiikunja na mkunjo ukawa mweupe, ivute huku na huku juu ya ukingo wa ubao, kila saa mbili, mpaka iwe nyeupe yote. Manyoya yakishika mafuta, yasugue kwa unga wa mbao ngumu. Wa msonobari una utomvu, usiutumie.

Yule anayewinda Utah aamue kabla ya kushika kisu. Jimbo hilo lilianza mwaka 2012 kulipa dola 50 kwa koyoti, na ushahidi wake ni masikio mawili yakiwa kwenye ngozi ya kichwa pamoja na taya la chini. Ukikata hayo, mnunuzi wa ngozi hakuangalii. Mzoga usiachwe wazi kama ulipigwa kwa risasi iliyotengenezwa kwa madini ya risasi (ledi), maana vipande vyake vinaua tai wanaokuja kula. Uzikwe, au upelekwe jalalani panaporuhusiwa.

Ngozi ikishakamilika itundikwe kwa pua, mahali pakavu na baridi, nafasi ya ngumi kati ya moja na nyingine. Mfuko wa plastiki uliofungwa unarudisha unyevu wote uliotumia wiki kuutoa.