Mifuko ya hewa ukaa ya grinihausi: kwa Malindi sioni kazi yake

Nyota mbili kati ya tano.

Kwa wanaoniuliza kuhusu ile mifuko myeupe inayoning'inia juu ya nyanya zangu: ndani mna maranda na pumba zilizopandwa mbegu ya uyoga. Uyoga wenyewe hautoki, ila nyuzi zake zinapumua humo ndani na kutoa hewa ukaa kidogo kidogo kupitia kitundu chenye chujio. Mimea inatakiwa iivute hewa hiyo ikue haraka. Nilinunua mifuko minne pamoja na kipimo cha hewa, Sh9,500 zote, nikaletewa mpaka shambani huku ng'ambo ya Sabaki, upande wa Mambrui. Muuzaji simtaji. Kijana ana adabu, mzigo ulifika siku aliyosema, na hakuna mfuko uliochanika.

"Mama, hewa ndiyo mbolea ya siku hizi," aliniambia. Hapo hakudanganya. Nyanya, kunde, muhogo, mpunga, mwembe, hata mikoko ya Mida, yote hutengeneza sukari yake kwa hewa hii na jua, na ikiongezeka hutengeneza kwa kasi zaidi. Kule Westland, Uholanzi, wakulima huletewa hewa ukaa kwa bomba kutoka kiwanda cha kusafisha mafuta cha Pernis, karibu na Rotterdam. Kwenye majumba ya vioo hupandishwa hadi sehemu 800 au 1,000 katika kila milioni ya hewa, ilhali huku nje duniani ndiyo kwanza imepita 420. Na nyanya zao zinazaa kweli.

Lakini majumba yale yanafungwa! Grinihausi yangu ni plastiki juu na neti ubavuni, kwa sababu nikithubutu kuifunga hapa mwezi wa tatu, nyanya zitaiva kwa kupikwa. Kusi ikianza inaingia upande huu na kutokea ule. Kila kinachotoka mfukoni kinabebwa kuelekea Marafa, na watu wa Marafa hawakunichangia hata ndururu.

Kijana alikuja alfajiri kunionyesha kazi ya mifuko yake. Kipimo kikasoma 610, akatabasamu. Nikamwambia, haya mwanangu, tukipeleke kwenye kibanda cha miche, ambako hakuna mfuko hata mmoja. Kikasoma 590. Usiku mimea haina jua la kufanyia kazi, inapumua tu, na samadi iliyo udongoni nayo inatoa hewa ukaa, upepo umelala, basi yote inarundikana humo. Ilipofika saa tatu, jua limepanda na upepo umeamka, pote pawili kilisoma karibu 430. Saa ambazo nyanya inaitaka hewa hiyo ndizo saa ambazo mfuko haumfai mtu kitu.

Halafu kuna picha ya mahindi kwenye karatasi ya maelezo. Waifute. Mahindi, mtama na miwa huirundika hewa ukaa ndani ya majani kwa njia yao yenyewe, kwa hiyo ukiwaongezea ni nadra kuona tofauti. Labda wakati wa ukame, maana hewa ukaa ikiwa nyingi vitundu vya majani hujibana kidogo na maji hayapotei upesi. Ila huo ni ukame wa shamba la wazi, na shambani utautundika wapi mfuko?

Kilichoniudhi kuliko bei ni maneno yake alipokuwa anaondoka, kwamba hata nisiponunua tena, hewa ukaa inazidi yenyewe kila mwaka, kwa hiyo mavuno yatapanda bila jasho. Ni kweli inazidi. Mwanasayansi Charles Keeling alipoanza kuipima kule kwenye mlima wa Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa kama 315. Lakini hewa hiyo hiyo ndiyo inayoleta joto, na joto la mchana likipita nyuzi 32 hivi, chavua ya nyanya huanza kuharibika na maua kupukutika. Shina linakuwa refu, majani ya kupendeza, na tunda hulioni. Hata tunda likipatikana, si lazima liwe na ubora ule ule: utafiti uliochapishwa 2014 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba ngano iliyokuzwa mashambani kwenye hewa ukaa ya kiwango cha juu, kama 550, ilipungukiwa na zinki kwa takriban asilimia 9 na madini ya chuma kwa takriban asilimia 5. Mchuuzi wa soko la Malindi hapimi zinki, anapima kilo, lakini mtoto anayelishwa ndiye anayepungukiwa.

Mwenye Sh9,500 na grinihausi ya neti, anunue neti ya kivuli na mipira ya kumwagilia kwa matone. Nyanya za pwani haziishiwi hewa ukaa, zinashindwa na joto na maji. Mwenye chumba cha kufunga chenye kipoza hewa anaweza kuijaribu, ingawa sijui jirani hata mmoja mwenye chumba hicho.

Kipimo nabaki nacho, ni kizuri, betri inadumu na tarakimu zinasomeka juani. Mifuko ikiisha nguvu nitaipasua niimwage kwenye lundo la mboji. Kama kijana atakubali kukuuzia kipimo peke yake, kichukue.