Uzoefu wangu na filta ya dizeli ya mikroni 10 kwenye boti ndogo, Kisumu

Boti nyingi za uvuvi zenye injini zinazotoka Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, husukumwa na mashine za petroli zinazofungwa nyuma, hivyo sisi wachache tunaobeba mizigo ziwani kwa injini ndogo za dizeli hatuna watu wengi wa kuwauliza kuhusu filta. Mimi ninatumia Racor 500FG, ambayo huchuja dizeli na kutenga maji kabla mafuta hayajafika kwenye pampu ya kuvutia, na nimeijaribu kwa chujio zake zote tatu (chujio ni kile kipande cha ndani kinachobadilishwa): ya kahawia ni ya mikroni 2, ya buluu ni 10 na nyekundu ni 30.

Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita, na namba ya chujio ni ukubwa wa chembe linazokusudiwa kuzuia. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi, na chembe iliyo chini ya mikroni 40 ni vigumu kuiona kwa macho. Kwa hiyo dizeli inayong'aa ndani ya chupa bado inaweza kuwa na uchafu wa kukwaruza pampu ya injekta, ambayo mwanya kati ya pistoni na silinda yake ni wa mikroni chache tu.

Mtu akisikia hayo atataka kununua ya mikroni 2 mara moja, na hapo ndipo ninapotofautiana na mafundi kadhaa wa hapa. Filta hii ya kwanza, yaani Racor, inakaa upande wa kuvuta, kabla ya pampu. Pampu hiyo ya kuvutia ni ndogo, ya kiwambo (utando unaopanda na kushuka), haina nguvu nyingi, na chujio laini mno likianza kuziba, pampu huvuta kwa shida, hewa hupenya kwenye kiungo chochote kilicholegea, na injini huishiwa nguvu hasa unapoongeza mwendo. Kwa dizeli yetu ya mapipa, ile ya kahawia iliziba mapema sana. Nyekundu ilidumu, lakini ilipitisha uchafu mwingi na kuiachia kazi filta ndogo ya pili iliyo kwenye injini yenyewe. Ya buluu ndiyo iliyonifaa: inazuia uchafu mkubwa na wa kati, kisha filta ya injini inamalizia ulio laini zaidi.

Jambo linaloniudhi madukani ni namba kuandikwa bila maelezo. Filta mbili zinaweza kuandikwa 10 na zisilingane hata kidogo. Ikiwa uwiano wa beta ni 75 kwa mikroni 10, maana yake katika kila chembe 75 za ukubwa huo au zaidi zinazoingia, moja tu ndiyo inayopita, yaani asilimia 98.7 huzuiwa. Namba ya kukadiria tu, isiyo na uwiano huo, inaweza kumaanisha kwamba nusu ya chembe hizo zinapita. Muuzaji asipoweza kukuambia ni namba ya aina gani, bei yake nafuu haina maana.

Kuhusu maji sina malalamiko. Kikombe angavu kilicho chini huonyesha maji yaliyojikusanya, nami huyamwaga asubuhi kabla ya kuwasha, kwa sababu tangi lisilojaa hutoa jasho ndani usiku, na pale dizeli inapokutana na maji huota vijidudu vinavyotengeneza ute mweusi wa kuziba chujio lolote. Uwezo wa filta hii wa kupitisha lita 227 kwa saa ni zaidi ya mahitaji ya injini ndogo, hata ukihesabu mafuta yanayorudi tangini.

Kasoro ni kikombe hicho hicho: ni cha plastiki na hakina kinga ya moto. Kwa boti ambayo injini yake imefungiwa chumbani, chukua 500MA ya Racor hiyo hiyo, yenye ngao ya chuma chini ya kikombe. Ongeza pia geji ya mvuto juu ya filta, inayoonyesha pampu inavuta kwa shida kiasi gani. Mshale ukipanda kuliko ulivyokuwa chujio likiwa jipya, badilisha ukiwa bado gatini.